Aliyemkata Kichwa Mama wa Njiapanda

Nimewasikia. Msidhani kwa kuwa nimestaafu na goti limegoma, basi masikio nayo yamestaafu. Juzi mmoja wenu alisimamisha bajaji pale njiapanda, njia ya kwenda Mnazi Bay, akawaambia wageni wake kwamba yule mama wa saruji alikatwa kichwa na lori lililobeba mabomba. Mwingine, nasikia, anasema ni wachawi. Wa tatu ndiye aliyenichekesha: ati aliundwa hivyo hivyo, ni sanaa ya kisasa. Weee! Wanangu, kichwa kile nilikikata mimi, kwa nyundo, mchana kweupe, watu wananitazama na jogoo anakimbizwa. Sasa kaeni niwaeleze, maana mkiendelea na hayo ya lori mtamkosea mwenye kichwa. Yupo hai, anaitwa Bi Somoe, siku hizi anakaa kwa binti yake Newala. Na sababu yake haikuwa ya mchezo.

Mimi nilitembeza wageni Mtwara kabla kazi hii haijawa na fulana wala kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nimezaliwa Mikindani, baba Mmakua, mama mtu wa pwani. Siku hizi niko Rahaleo, na watoto wa mtaani wananiita Mama Sanamu, wengine hawajui hata jina langu. Njia yangu ilikuwa ni ile ile: asubuhi milango ya Mikindani kabla jua halijachachamaa, halafu mafundi wa vinyago vya mpingo mjini, tunakula, kisha tunaingia njia ya mchanga kuelekea Mnazi Bay, tunasimama njiapanda kwa yule mama.

Kazi nilifundishwa na Mzee Bakari, seremala wa milango. Alikuwa mkali, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza aliniacha nieleze mwenyewe. Mgeni mmoja akaonyesha ua lililochongwa juu ya kizingiti, akauliza maana yake nini. Mimi, na shule yangu ya kuungaunga, nikasema ni ishara ya amani na upendo kwa kila aingiaye. Mzee Bakari akakohoa. "Hilo ua nililiweka mimi," akasema. "Ubao ulikuwa na kifundo kibaya, nikakifunika." Wageni walicheka mpaka wakashika ukuta. Jioni akaniambia, "Binti, 'sijui' nalo ni jibu. Na usimwanzishie mgeni historia, mwanzishie mlango. Mpe aushike. Akishaupapasa, historia ataiomba mwenyewe." Nimeyafuata maneno hayo mpaka goti liliponiambia basi.

Nyinyi mnaanza na simu. Mnampigisha mgeni picha ishirini, hajashika kitu, mnampeleka kwingine. Akifika kwao hata hajui mlango ule ulikuwa wa baridi au wa moto. Haya, simu zenu, mimi sisemi.

Tena kuna la ngoma ya mapiko. Anatoka mtu kavaa kinyago cha kichwa kizima, kafunikwa nguo mpaka vifundo vya miguu, anacheza, watoto wanatawanyika. Sheria ni kwamba sisi wanawake hatujui ndani kuna nani. Mimi nilimjua. Alikuwa jirani yangu, nilimtambua kwa kidole gumba cha mguu, kilipinda tangu alipoangushiwa tofali. Mgeni akaniuliza, "Ndani kuna nani?" Nikamwambia, "Huyo si mtu, katoka porini." Kesho yake jirani kanikuta bombani. "Nasikia jana ulikuja ngomani." "Nilikuja." "Ulimwona lipiko?" "Nilimwona, aliniogopesha sana." Akaenda zake anatabasamu. Mgeni kesho anapanda ndege. Wewe na jirani yako mtaendelea kuchota maji bomba moja.

Sanamu za nje nilifundishwa na mwenye kuziunda, Fundi Nandonde. Kijijini kwake, hapo njiapanda, yeye ndiye aliyekuwa fundi wa saruji: visima, makaburi, ngazi za msikiti, na akipata nafasi, sanamu. Alinipa somo moja ambalo nalitoa kwenu bure. Sanamu ya nje usiitazame usoni kwanza. Zunguka nyuma. Mbele ndiko fundi alikotaka utazame, nyuma ndiko mvua na chumvi vinakofanya kazi. Ukiona mguu wa sanamu umepasuka na kutu inatiririka, jua fundi alichota mchanga wa pwani. Chumvi inakula nondo, nondo inavimba, saruji inapasuka. Mchanga wa mto ndio wenyewe. Waelezeni wageni hivyo, muone watakavyoanza kuzunguka nyuma ya kila sanamu mjini kama mafundi wanaokagua kazi. Wanapenda kuliko tarehe.

Sasa Nandonde alikuwa Mmakonde, mimi Mmakua, kwa hiyo watani. Vijana, utani mnaudhania ni vile vichekesho vya kutumiana kwenye simu. Siyo. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Atakutukana mbele za watu na huwezi kununa. Kwenye msiba wako atavaa nguo za marehemu, atamwigiza anavyotembea, atanyakua kitu cha nyumbani akatae kukirudisha mpaka mkikomboe, hata kwa kuku. Ila akishapewa cha kukombolea, lazima aachie. Kanuni ndiyo hiyo, ishikeni.

Kila nikifika na wageni, Nandonde ananipokea kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Mmakua kaja! Ficheni panya wenu jikoni!" Nami namjibu, "Nandonde, nyie hata peponi mtauliza kwanza panya wanachomwa upande gani." Wageni wanadhani tunagombana. Mmoja alitaka kutusuluhisha.

Yule mama wa njiapanda alimuunda msimu ambao hakukuwa na kazi. Mwanamke kasimama, kashika ungo kwa mikono miwili, anapepeta. Nondo ndani, wavu wa kuku juu yake, halafu saruji na mchanga wa mto aliousomba kwa baiskeli. Na uso akampa wa mkewe, Bi Somoe: chale za mashavuni, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, mdomo umebana kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza. Hakumwomba ruhusa. Bi Somoe alitoka shamba na mzigo wa muhogo kichwani, akajikuta kasimama njiapanda.

Nilikuwepo. "Nandonde! Umeniweka barabarani?"

"Nimekuweka uonekane."

"Na nani?"

Fundi akaendelea kuosha mwiko. Tangu siku ile Bi Somoe hakupita tena njiapanda. Akienda dukani, akienda msibani, hata akiwa na ndoo ya maji, anazunguka nyuma kwenye mikorosho. Tulidhani ni haya tu. Tulimtania, akaendelea kuzunguka.

Na yule wa saruji akafanya kazi. Wageni wakampenda. Kina mama wakaanza kuuza korosho na madafu pembeni yake, mwenyekiti wa kijiji akaweka benchi, watoto wa Nandonde wakawa wanauza vinyago vidogo. Wageni wangu wengine walikuwa wanakuja kwa ajili yake, wamemwona kwenye picha za wenzao. Kwa hiyo mkisikia nilimkata kichwa, mjue nilikata na sahani yangu.

Fundi aliugua wakati wa korosho, akafariki msimu haujaisha. Nilikwenda msibani kama mtani anavyokwenda. Nikavaa kofia yake na lile koti lake lililoganda saruji, nikashika mwiko wake, nikawa napita kwa waombolezaji nawagusa pua kwa maji. "Tulia wewe! Pua haijakauka!" Watu walicheka machozi yakiwatoka. Shaibu, mwanawe mkubwa, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi mwenyewe nililia ndani ya ile kofia, ilikuwa bado inanuka jasho lake.

Siku ya arobaini nikarudi. Kisomo kikaisha, sinia zikaanza kutoka, akaja binti kuniambia Bi Somoe ananiita ndani. Alikuwa kwenye eda, hatoki. Nilimkuta kakaa kitandani.

"Rudishia mlango, mtani," akasema. Nikaurudishia, nikakaa kando yake, naye, bila kuzunguka: "Nataka ukavunje kile kichwa."

"Kichwa gani?"

"Changu."

Nikacheka. Hakucheka.

"Bi Somoe, bado unaona haya? Watu wamekuzoea mpaka hawakuoni."

"Haya nilikuwa nayo mwaka ule wa kwanza, ikaisha. Hili si la haya. Sisi tumefundishwa tangu chuo cha Kurani: siku ya Kiyama, mwenye kuunda umbo la kiumbe ataambiwa alitie roho. Nilikuwa nazunguka kwenye mikorosho ili asinione kando ya yule wa saruji akalikumbuka hilo. Yeye ananitania tu, mimi nazunguka. Sasa alipokuwa amelala hapo ulipokaa, siku zake za mwisho, akaniuliza: 'Somoe, nikiambiwa nimtie roho yule mama, nitamtia na nini?' Nikadhani utani wake ule ule. Nikamjibu, 'Utaniita mimi nimpulizie.' Akageukia ukutani."

Nandonde ninayemjua mimi hakuwahi kugeukia ukuta.

"Nimemtuma mtu kwa sheikh," akaendelea. "Hakuniambia pepo wala moto, hayo si yake. Kasema kisicho na kichwa hakihesabiwi kiumbe, ni kama kisiki. Basi, kichwa kitoke. Mume wangu asimame mbele ya Mola wake na kisiki."

"Waambie wanao."

"Nimewaambia. Shaibu kasema ndicho baba alichobakisha. Mwenyekiti kasema sanamu ni ya kijiji. Mimi nimo ndani ya eda, nitatokaje na nyundo? Na hata ningetoka, mama akivunja kazi ya baba, watoto watamuuliza mpaka siku ya kumzika. Mtani akivunja, ni mtani."

"Bi Somoe, mimi nakula kwa kile kichwa."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba, sikuagizi."

Nilikasirika, wanangu, siwafichi. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Nandonde kwa kufa, nikaukasirikia na utani wenyewe. Mkiniuliza kama niliamini kwamba yule mama wa saruji angemsababishia fundi adhabu, nitawajibu kama alivyonifundisha Mzee Bakari: sijui. Lakini Bi Somoe hakuniuliza ninaamini nini. Yeye ndiye aliyekuwa analala chumba kile, anautazama ule ukuta.

Nikatoka. Nyundo ya fundi ilikuwa uvunguni mwa benchi la barazani, nikaichukua, nikapiga ukelele wa utani: "Wamakonde! Mtani wangu kaondoka hajaniaga! Nachukua changu!"

Watu wakacheka, wakaacha sinia za pilau, wakanifuata. Shaibu naye akaja nyuma anacheka. "Mmakua, shika adabu! Utachukua nini?"

"Kichwa!"

"Haya, mkomboeni! Leteni jogoo!"

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Kanuni nimeshawaambia: jogoo akiwekwa mkononi mwangu, nyundo naiweka chini, na Bi Somoe anabaki na ukuta wake. Nikaongeza mwendo, na goti hili lilikuwa limeshaanza vituko. Nyuma nasikia vijana wanamfukuza jogoo, "Mzuie huko! Mzuie!" Jogoo akapita chini ya uchaga, akapita katikati ya sufuria, akaingia kwenye mihogo. Sijawahi kumwombea dua ndege, siku ile nilimwombea.

Nilipofika njiapanda sikwenda mbele. Nilizunguka nyuma, nikapanda juu ya lile benchi la mwenyekiti. Chini ya kilemba, kisogoni, palikuwa na ufa mwembamba ambao nimewaonyesha wageni miaka na miaka. Nikapiga hapo. Watu wakacheka. Nikapiga tena. Wakacheka kidogo. Nilipopiga mara ya tatu saruji ikalia, na watu wakanyamaza, maana ndipo walipojua sifanyi mchezo. Mvua ilikuwa imeingia kwa ule ufa, nondo ya shingoni imeliwa na kutu, ikapinda. Nikakishika kichwa kwa mikono miwili, nikakisokota kama mtu anayekata fenesi mtini, kikaachia kikaangukia mbele, ndani ya ungo aliokuwa ameushika mwenyewe.

Shaibu akatokea mihogoni na jogoo kifuani, anahema. Akatazama ungo. Akanitazama mimi.

"Mtani," akasema, "nimekuletea jogoo."

"Umechelewa, mtani."

Mtani hakasirikiwi. Ndivyo ilivyo, na Shaibu alijua. Akamweka jogoo chini, taratibu, akaondoka. Nilipokuja tena na wageni, nilimkuta kwenye meza yake ya vinyago, nikampigia kelele ya panya kama kawaida. Akasimama, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Wanangu, mtani akikuamkia kwa heshima hivyo, amekutoa kwenye hesabu zake. Ilichukua muda mrefu kabla hajanitukana tena, na siku aliponitukana nilimnunulia soda.

Kichwa nilikifunga kwenye kanga, nikampelekea Bi Somoe. Akakifungua, akakigeuza. "Pua kaifanya kubwa," akasema. Kikazikwa nyuma ya jiko, mgombani, na mpaka leo hakuna anayepaonyesha. Msiende kupachimba.

Mwenyekiti alininunia kwa zamu yake, akatafuta fundi wa kuweka kichwa kingine. Mafundi wakaogopa: kilichochukuliwa na mtani hakirudishwi kimyakimya. Wageni walipungua kweli, sitawaambia vingine. Safari nyingine nilipita pale bila kusimamisha gari. Nimesema mbele ya mama yule maisha yangu yote, na sasa kila nikifungua mdomo naona ungo una kichwa.

Kisha eda ikaisha. Siku hiyo nilikuwa na wageni watatu, wakasisitiza kushuka. Mmoja, msichana, akaniuliza kichwa kiko wapi. Nikawa natafuta pa kuanzia, nikamwona Bi Somoe anakuja. Barabara kubwa, katikati kabisa, na ndoo mkononi. Sijawahi kumwona njia ile tangu siku ya ule ugomvi wao. Akafika, akatua ndoo.

"Anauliza nini huyu?"

"Anauliza kichwa kiko wapi."

Bi Somoe akamsogelea yule wa saruji, wakawa bega kwa bega. Akarekebisha mtandio. "Mwambie ninacho mwenyewe," akasema. Nikamwambia. Wale wageni walicheka, wakaomba kumpiga picha, naye akawakubalia, akabana mdomo vile vile kama alivyoundwa.

Walipomaliza hakuondoka. Akainama kwenye ungo, akaitazama ile mikono. Fundi alikuwa ameiunda mpaka kucha, mpaka kile kidole cha shahada chenye kovu la panga. Akaweka mkono wake juu ya ule wa saruji, kidole juu ya kidole, vikalingana.

"Tazama," akasema. "Kaipatia. Hata hili kovu kaliweka. Mimi sikuwahi kuiona mikono, mtani. Nilikuwa nakimbia uso tu."

"Fundi alikuwa fundi," nikasema.

Akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio, kwanza mkono wa kulia, halafu wa kushoto.

"Ungekivunja kile kichwa yeye yupo," akasema, "ningekuja kuitazama naye."